Mwaka Nilipohesabu Pumzi za Majengo

Nilikwenda kwenye hitima ya Bi Zuhura nikiwa na nia ya kukaa kwa adabu, kuitikia dua, kula pilau ya watu na kurudi Njiru kabla barabara haijafunga. Badala yake nilijikuta nimepiga magoti kwenye mkeka, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, nalikodolea macho tumbo la mtoto wa mtu. Wala sikuombwa. Binti mmoja, mjukuu wa majirani wa zamani, alikuwa ameketi nyuma yangu akimnong'onezea mwenzake kwamba mtoto wake wa miezi minne anahema kama aliyekimbizwa, kwamba yeye akivuta pumzi moja mtoto keshavuta mbili na ushei, na kwamba amekuwa halali kwa hofu. Basi mimi tena! Nilisahau kama nimefiwa. "Amelala? Vizuri, usimwamshe. Mfungue vifungo tu nione tumbo," nikasema, na mkono wa saa ukaanza safari yake. Nilihesabu dakika nzima, arubaini na mbili. Nikamwambia binti yule kwamba mwanawe hana neno, watoto wa umri huo huenda thelathini na kitu au arubaini na kitu wakiwa wametulia, na sisi watu wazima ndio tunaojivuta polepole, kumi na mbili mpaka ishirini. Ukijipima na mtoto mchanga utajitia hofu ya bure. Ikifika hamsini na mtoto ametulia, hapo asiningoje mimi wala mtu mwingine, aende hospitali. Binti akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameifungia kifuani wiki nzima. Na Mwanaisha, bintiye marehemu, aliyekuwa akipitisha sinia la tende, akasimama katikati ya chumba akanitazama. "Wambui! Hata leo? Hata kwenye hitima ya mama?" Akacheka mpaka sinia likatikisika, kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye, na wanawake wakatusogezea kahawa.

Niliporudi nyumbani sikuweza kutulia. Nilitembea sebuleni nikizungumza peke yangu, kwa sababu mwaka ule ulikuwa umerudi wote, na harufu zake. Habari za kwetu nitaziruka. Hazina tofauti na za watu wengine na mimi mwenyewe hunichosha. Nitaanza siku nilipoingia na sanduku langu katika nyumba ya Bi Zuhura, Majengo ya Pumwani, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina mdomo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, bati lenye kutu juu, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye bomba moja, majiko, kamba za nguo na ubishi usiokwisha. Bi Zuhura alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa mfupi, mnene, na tasbihi yake haikumtoka kiganjani hata akikuna nazi. Mimi Mkristo wa kutoka mashambani alinipokea kwa sharti moja, kwamba nisipike nguruwe wala kitu kingine kitakachomfungia yeye mlango wa jikoni kwake, na kwa sharti hilo tuliishi kama mtu na nyanyake. "Shikamoo, Bibi," kila asubuhi, naye, "Marahaba mwanangu, umekula?" Kama sijala alinipa mahamri na mbaazi. Kama nimekula alinipa pia.

Jambo la kuelewa kuhusu nyumba zile ni kwamba kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia usawa wa mkono ulionyooshwa, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati, ili hewa ipite. Hewa ilipita, na kila kitu kingine kilipita nayo. Nilijua nani amegombana na nani, nani anasali sana, nani anajifanya amelala mwenye nyumba akipita. Alfajiri, kabla ya adhana, ungeweza kulala chali ukasikia nyumba nzima ikipumua: mzee wa chumba cha mbele kwa mluzi, watoto wa chumba cha pili haraka haraka, Otis fundi wa masanduku kwa kishindo kinachostahili ufundi wake. Nilikuwa nikiusikia mchanganyiko ule kama kelele tu. Kisha nikaenda zahanati kujitolea, na Sista Agneta akanifungua masikio.

Sista Agneta alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ndogo karibu na soko, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba chumvi. Alitukusanya vijana kadhaa wa mtaani katika chumba kilichonuka dawa ya kusafishia sakafu, akatutandikia somo ambalo naweza kulikariri hadi leo nikiamshwa usingizini. Nimonia, alisema, inaua watoto watu wakiwa wanatazama, kwa sababu wanatazama uso. "Uso utakudanganya. Tazama tumbo na kifua. Mtoto chini ya miezi miwili, akipumua mara sitini au zaidi kwa dakika, hesabu tena. Ikirudi sitini, huyo si wa kungoja kesho. Miezi miwili mpaka mwaka, mpaka wako ni hamsini. Mwaka mpaka mitano, arubaini. Na msiniletee nusu dakika mkazidisha mara mbili! Mtoto mchanga huenda mbio, akasita kidogo, akaenda mbio tena, hiyo ndiyo tabia yake. Ukihesabu nusu utaupata upande mmoja tu wa habari." Halafu akatufundisha mambo ambayo hayahitaji hesabu kabisa: nyama ya chini ya mbavu inayobonyea ndani kila mtoto akivuta pumzi, pua zinazotanuka, mguno mdogo mwisho wa kila pumzi, midomo inayogeuka rangi, mtoto anayekataa titi au asiyeamka vizuri. Ukiona moja ya hayo, alisema, hesabu iwe nzuri au mbaya, nyanyua miguu. Tukapewa kila mtu kisaa cha plastiki chenye kamba ya shingoni, kilichogonga kila sekunde na kulia dakika inapokwisha. Nilikivaa kile kisaa kama medali. Nililala nacho.

Na hapo ndipo raha yangu ilipoanza, maana sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia kuhesabu pumzi za watu. Uwanja ulikuwa ua wa Bi Zuhura. Asha wa chumba cha pili, mwenye miaka mitatu, alilala mchana kwenye mkeka, ishirini na sita. Kaka yake aliyekuwa darasa la tatu, ishirini. Kitinda mimba wao wa miezi minane, thelathini na nane, na mama yao alikuwa ameshasadiki kwamba ana pumu. Kumbe sivyo! Kumbe mwili mdogo una mapafu madogo, unalazimika kuyajaza mara nyingi, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo pumzi zinavyopungua, polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka anafika utu uzima anatulia. Kwangu hilo lilikuwa kama mtu amenionyesha siri ya nyumba nzima. Nilipolala tena chali alfajiri na kusikia ule mchanganyiko juu ya kuta, nilijua sasa kila mmoja ana mwendo wake na kwamba mwendo ule una sababu.

Otis alinipa taabu. Alikuwa kijana wa miraba minne, mzaliwa wa mitaa hii hii, akitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi kule Gikomba na siku za Ijumaa akimalizia kazi uani kwetu. "Niaje Bui, leo unahesabu nani? Nihesabu mimi, niko fiti kama ng'ombe." Nikawasha kisaa. Otis akatanua kifua, akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaitoa kwa madaha, macho yakiniangalia. Nikapata sita. Kwa hesabu ile alikuwa mgonjwa wa kulazwa. "Otis, acha maigizo!" "Si ni vile nahema, manze!" Nilipomweleza Sista Agneta alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanifundisha ujanja wa wauguzi: mtu mzima usimwambie unahesabu pumzi, mshike mkono kama unayepima mapigo ya moyo, naye atakusahau. Nilimshika Otis mkono kesho yake. Alipata kumi na sita, na akazusha habari mtaa mzima kwamba nampenda.

Bi Zuhura alinitazama kwa jicho la pembeni. "Mungu ametupa pumzi bila hesabu, wewe wataka kumkagua?" Lakini siku aliporudi kutoka sokoni na kikapu kizito akaketi kizingitini akihema, yeye mwenyewe aliniita. "Njoo unihesabu. Leo nitakufa?" Nikapata ishirini na nane. Nikamwambia hiyo ni ya kikapu, bado si yake, tungoje. Tukangoja tukinywa chai ya tangawizi, na alipotulia akapata kumi na saba. Alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Tangu hapo akawa ananitangaza kwa wageni wake: "Huyu ni wangu, anahesabu roho za watu." Nilikataa cheo hicho kila mara na kila mara alinipa.

Mwezi wa mvua Mwanaisha akaja kujifungua kwa mamake, kama ilivyo desturi. Hii ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilizaa mtoto wa kiume ambaye kila mtu alimwona, kila mtu alimbeba, kila mtu alisema ni mzuri kama nini, na kabla hajatimiza mwezi kifua kikambana akaondoka. Mwanaisha alikuwa na jibu moja tu la msiba ule: macho ya watu. Nyumba nzima ililijua jibu hilo maana alilisema usiku na mchana, na hakuna aliyembishia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hiyo mtoto wa pili alipozaliwa, naye wa kiume, pazia la leso nzito lilitundikwa mlangoni, ubani ukafukizwa, na amri ikatoka. Mpaka arubaini itimie, hakuna jicho litakalomwona ila la mama na la nyanyake. Mtoto mwenyewe alifungwa: kisibao, fulana, kitambaa cha flaneli, shali ya sufu, na juu ya shali leso. Nilimwona mara moja Mwanaisha akipita kwenda kumwogesha. Ningeapa amebeba mkate uliofunikwa usipoe.

Lakini sikio halina pazia. Chumba chao kilipakana na changu, na juu ya ukuta nilimsikia yule mtoto nisiyemjua kwa sura nikamjua kwa sauti. Alikuwa mlizi wa kwanza Majengo. Alilia Bi Zuhura akimwogesha, alilia akitoka majini, alilia kwa njaa na kwa shibe, na mimi nilicheka peke yangu kitandani. Mtoto anayelia namna ile ana mapafu, nilijiambia. Kati ya vilio alinyonya kwa kelele kama anayeburura kiti. Wiki mbili hivi zikaenda.

Kisha asubuhi moja ya Ijumaa nikaamka kwenye ukimya. Si ukimya kamili. Radio ilikuwa ikisoma habari chumba cha mbele, uani mtu anasugua sufuria. Lakini yule bwana hakulia. Nikasikia Bi Zuhura akisema kwa furaha, "Ametulia. Si nilikwambia? Dua imekubaliwa. Jana alikunywa maji ya kombe la Qurani, leo analala kama mtu mzima." Na Mwanaisha kwa sauti iliyochoka, "Alhamdulillahi, mama, walau nitalala." Wenyewe walikuwa na haki ya kufurahi, baada ya kukesha kote kule. Nami nilikuwa karibu kufurahi nao. Niliketi kitandani nikivaa viatu, na hapo nikausikia. Mdogo, mkavu, ukirudi na kurudi: nh, nh, nh, nh. Bi Zuhura akasema, "Msikie, anakoroma kama babu yake," wakacheka wote wawili taratibu wasimwamshe.

Huo ulikuwa mguno aliotuonya Sista Agneta. Nilisimama juu ya kitanda nikaegemeza sikio ukutani, kisaa kikigonga shingoni, nikajaribu kuhesabu kwa kusikia. Haikuwezekana. Otis alikuwa keshaanza kugonga bati uani, radio ilikuwa imeingia kwenye matangazo ya vifo, na ule mguno ulipotea na kurudi, nikawa sijui nahesabu mtoto au nyundo. Nilikurupuka nje. "Otis, acha kugonga!" "Aa, Bui, hii sanduku mwenyewe anaikujia saa nane—" "Acha!" Nadhani hajawahi kunisikia nikipaza sauti vile. Nyundo ikabaki hewani.

Nikasimama mbele ya pazia. Nilisema shikamoo, nikasema habari ya kuamka, kisha nikaomba nimwone mtoto. Mwanaisha akajibu kutoka ndani: "Wambui, wewe ni ndugu yangu. Lakini jicho halichagui ndugu." Nikamwambia naogopa ule mguno, si kukoroma, watoto wa wiki mbili hawakoromi hivyo na pumzi zinakwenda mbio. "Wa kwanza alionwa na kila mtu," akasema. "Daktari alimwona. Wauguzi walimwona. Majirani. Uliza kaburi lake lilipo." Ningesema nini, mimi msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kisaa cha plastiki, kwa mama aliyezika? Nilisimama tu pale nikisikia nh, nh, nh upande wa pili wa leso, umbali wa mkono, na sikuwa na ruhusa ya kuusogeza ule mkono.

Nilikuja kufanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote mpaka nikastaafu, na nimewaona vijana wenye shahada wakikasirikia mama kama yule. Wanapaza sauti, wanamwita mjinga, naye anakaza shali zaidi. Pazia lile halikuwekwa na ujinga. Liliwekwa na mapenzi ya mtu aliyekwisha kupoteza, na mapenzi hayo ndiyo peke yake yanayoweza kulifungua. Haya nayasema sasa kwa utulivu. Siku ile sikuwa na falsafa yoyote, na wazo lilinijia kwa sababu nilisikia shanga. Bi Zuhura alikuwa akivuta uradi wake humo ndani, tik, tik, tik.

"Bibi," nikasema, "wewe una ruhusa ya kumwona." "Mimi ni nyanyake, nani wa kunizuia?" "Basi mhesabu wewe. Mimi nitakaa hapa hapa nje na saa. Mfungueni mpaka tumbo lionekane. Kila tumbo likipanda, angusha shanga moja. Usitazame kingine chochote. Nikisema basi, uache." Sauti ya Mwanaisha ikanong'ona kwamba tasbihi ni ya kumtaja Mungu. Bi Zuhura akamjibu, simsahau, "Na hizi pumzi ni za nani, si zake? Mfungue mwanao." Nikasikia shali ikifunguliwa, na flaneli, na vifungo. Nikasema haya. Kisaa kikaanza. Nyuma yangu ua mzima ulikuwa umesimama. Otis na nyundo yake, mama Asha na mwiko, hata maji ya bomba mtu aliyafunga. Zilisikika shanga tu. Na ole wangu, zilikuwa zikienda mbio! Nilijua tasbihi ile ina shanga tisini na tisa, na kila baada ya thelathini na tatu kuna kigawanyo kirefu. Kisaa kikalia. "Basi! Umefika wapi, Bibi?" "Nimepita kigawanyo cha kwanza. Nimepita na cha pili. Baada ya cha pili…" akanyamaza akigusa, "nane."

Sabini na nne. "Tena, Bibi. Sista anasema turudie." Safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. Tukarudia, akapita vigawanyo vyote viwili, na tano juu. Sabini na moja. "Chini ya mbavu pakoje?" "Panabonyea, mwanangu. Panaingia ndani kama mtu anabonyeza kwa kidole." "Pua?" "Zinatanuka." "Amenyonya saa ngapi?" Hapo akajibu Mwanaisha, na katika jibu lake nilisikia kwamba ameelewa kabla sijamwambia. "Hajashika titi tangu jana jioni. Nilidhani ameshiba. Wambui, nilidhani ameshiba!"

Nikasema maneno ya Sista Agneta kama yalivyo: huyu si wa kungoja kesho. Hospitali haikuwa mbali, mwendo wa miguu tu, lakini ilikuwa Ijumaa, na nje mitaa ilikuwa imefurika watu wa sokoni na watu wa msikitini. Kumtoa mtoto mlangoni kabla ya arubaini, mbele ya macho yote yale! Mwanaisha alianza kulia. Bi Zuhura hakubishana. Alivaa buibui lake pana, akamwingiza mtoto ndani, kifuani kwake, akafunga, na hakuna mtu angejua kama amebeba mtoto au maboga. "Haya. Nani atamwona? Twende." Otis akadondosha nyundo. "Mathe, nifuate. Mimi nafungua njia." Na akafungua! Alikwenda mbele yetu na mabega yale akipiga kelele, "Pisheni! Mgonjwa! Pisheni, buda, toa hiyo mkokoteni!" Wauza mitumba walivuta marundo yao, wenye mikokoteni wakapinda magurudumu, na Bi Zuhura nyuma yake akikimbia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimnyea. Mimi nilimshika Mwanaisha kiuno maana bado alikuwa na mwili wa mzazi. "Anapumua, mama?" aliuliza. "Anapumua." Hatua chache. "Mama, anapumua?" "Anapumua, twende!"

Tulipofika kona ya mwisho Bi Zuhura akasimama. Alishika ukuta, kifua kikipanda na kushuka, na kikapu cha siku ile hakikuwa kitu mbele ya hii. Hakuweza kusogea. Lango la hospitali lilikuwa linaonekana. Mwanaisha akaniacha, akaenda kwa mamake, akaingiza mikono ndani ya buibui, akamtoa mwanawe kwenye jua. Akanigeukia. Sijui ilimgharimu nini, ninajua tu uso wake ulikuwaje. "Mchukue wewe, Wambui. Wewe una miguu. Kimbia."

Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa na nyusi za Bi Zuhura. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau ambayo haijaiva vizuri. Nilikimbia kama ambavyo sijakimbia tena maishani, Otis mbele, kisaa kikinipiga kifuani, na nilipoingia nilikuwa napiga kelele, "Sabini na nne! Wiki mbili! Mbavu zinabonyea!" Muuguzi aliyekuwa mlangoni hakuniuliza jina wala nimetoka wapi. Alimtwaa mikononi mwangu na kutoweka naye nyuma ya mlango wa bembea.

Siwezi kueleza ubao ule wa kungojea bila kujisogeza kwenye kiti. Tulikaa wanne. Bi Zuhura alishika shanga bila kuzivuta. Otis alinunua chai ambayo hakuna aliyekunywa. Mwanaisha aliniuliza kwa sauti ndogo kama mimi naona atapona, nami nikamwambia sijui, na akanishika mkono akaukaza. Baadaye sana yule muuguzi alitoka na kusema ni nimonia, mtoto amewekewa hewa na kuchomwa sindano, na kwamba kama tungekaa naye mpaka jioni tungekuwa tunazungumza mengine. Alisema tumwombee usiku ule. Tulimwombea, kila mtu kwa lugha yake na dini yake. Usiku ule ukapita, na wa pili, na siku moja asubuhi Mwanaisha akatoka wodini na titi nje, hajali, anacheka na kulia. "Ameshika! Wambui, ameshika, ananiumiza!" Otis alirusha kofia juu ikabaki kwenye paa la hospitali. Sijui kama walimrudishia.

Waliporudishwa nyumbani, arubaini ilikuwa bado. Ua ulijaa wanawake, wakikaa mbali kwa heshima, macho chini, maana kila mtu aliijua amri. Nilidhani Mwanaisha atapita moja kwa moja mpaka nyuma ya pazia. Alitandika mkeka kando ya bomba, palipo na jua. Akamlaza mtoto. Akafungua leso, akafungua shali, akafungua flaneli, akamalizia na kisibao, mpaka tumbo likabaki wazi mbele ya ua mzima. Bi Zuhura akashtuka. "Mwanaisha! Macho ya watu!"

"Waache wamwone, mama," Mwanaisha akasema. "Akipumua vibaya tena, nataka macho mengi."

Hakuna aliyesogea mwanzoni. Kisha mama Asha akaja, na wengine nyuma yake, mpaka tukawa duara la vichwa juu ya yule kiumbe mdogo, na Otis akichungulia kwa juu. Nilimshika Bi Zuhura mkono. Lile tumbo lilipanda, likashuka, likapanda, laini, bila haraka, hakuna kilichobonyea. Hata mimi sikuhesabu. Yule bwana akatutazama wote mmoja mmoja, akakunja zile nyusi, akapiga chafya iliyomtikisa mwili mzima. Na ua wote wa Majengo, Waislamu kwa Wakristo, wenye nyumba kwa wapangaji, tukamwitikia kwa sauti moja kama anavyoitikiwa mtoto akipiga chafya:

"Kua!"